Kamati ya Vigeuzi Vitatu

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Nalisema hili mapema, maana kuna bwana mmoja aliwahi kudai kwamba ipo, akaeleza na njia ya kufika, na sasa asiyekuwepo ni yeye. Jina la nchi hiyo pia sitalitaja, kwa sababu mwaka wa kisa hiki lilibadilishwa mara tatu na sina hakika walikomea wapi. Yatosha msomaji ajue kwamba ilikuwa nchi yenye amani nyingi mno, amani ambayo ililazimu ilindwe kwa bunduki usiku na mchana isije ikatoroka.

Kila Alhamisi, saa kumi jioni, Baba Mlezi wa Taifa alihutubia. Zamani hotuba zake zilihifadhiwa kwenye kanda, lakini kanda zina tabia ya kuchakaa, na haifai hotuba ichakae kabla ya mwenye kuitoa. Kwa hiyo wataalamu waliichukua sauti yake wakaigeuza tarakimu, sufuri na moja, sufuri na moja, mamilioni kwa mamilioni, zikawekwa ghalani chini ya ulinzi. Mwalimu mmoja wa hesabu aliuliza, kwa nia njema kabisa, kama katika hotuba hizo sufuri si nyingi kuliko moja. Siku hizi anafundisha hesabu gerezani, na nasikia wanafunzi wake wanafaulu.

Sasa, tarakimu hazisikiki. Ili ziwe sauti tena, kila nyumba ilitakiwa iwe na kisanduku chenye nyaya nyuma na taa moja mbele, kinachomeza tarakimu upande huu na kutoa sauti upande ule, mpaka kwenye spika ya sebuleni. Kisanduku hicho kiliitwa kigeuzi, na jina lenyewe lilileta balaa. Waziri wa Sauti na Usikivu, Mheshimiwa Daktari Pandu Tegemeo, alikuwa amehama vyama vitano na kurudi viwili, na watu wasio na adabu walizoea kumwita kigeugeu. Gazeti la serikali lilipoandika kwa kosa la mpiga chapa, "Kigeugeu Chazinduliwa kwa Shangwe," na chini yake ikawekwa picha ya Waziri, mhariri alipandishwa cheo siku hiyohiyo na kupelekwa kuongoza gazeti la kisiwa kisicho na watu.

*

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Mabati Mapya, alikuwepo fundi redio aliyeitwa Machano Vuai. Fundi Machano alikuwa na masikio. Najua kila mtu anayo, lakini wengi wetu tunayatumia kushikia miwani. Yeye akiletewa redio mbovu hakuifungua kwanza. Aliiwasha, akafumba macho, akaigonga ubavuni kwa kidole, akasema, "Kapasita ya pili kushoto imekufa," na ukifungua utaikuta imevimba vilevile alivyosema. Kwa miaka thelathini na minne hakuwahi kumwambia mteja kwamba redio iliyokufa ni nzima, wala iliyo nzima kwamba imekufa. Ndiyo maana hakutajirika.

Mke wake alifariki akiwa kijana, akamwachia binti mmoja, Mwantumu. Mtoto huyo alikulia juu ya meza ya kazi, baina ya spika na makopo ya risasi ya kulehemu. Baba yake alimfundisha mchezo mmoja tu: afumbe macho, asikilize, aseme kilichopo. "Sema unachosikia," alikuwa akimwambia. "Usiseme unachotaka kusikia. Hicho kila mtu anakijua." Mwantumu alikua, akasomea ualimu, akapelekwa kuwa mwalimu mkuu wa shule ya Chungumoto, kusini kabisa, ambako ramani ya nchi huwa imefunikwa na muhuri wa wizara.

Chungumoto walikuwa wamepewa vigeuzi, kila nyumba kimoja, na kila kimoja kikawekwa kabatini pamoja na vyombo vya wageni, kwa sababu umeme haukuwepo. Nguzo zilikuwepo. Mwantumu, kwa kuwa ndiye aliyejua kuandika barua rasmi, aliandikia wizara. Barua ilianza hivi: "Kwa heshima na taadhima, naomba kukujulisha kwamba sisi watu wa Chungumoto hatusikii. Tumejitahidi tangu mwaka juzi, lakini hatusikii kabisa."

Hapo lazima nimweleze msomaji jambo moja, ingawa analijua. Lugha ya nchi ile, kama yetu, ni bahili wa maneno. Kusikia ni kazi ya sikio, na kusikia ni kutii. Mtoto asiyesikia hapelekwi kwa daktari, huchapwa. Ukutani mwa Wizara ya Sauti na Usikivu palikuwa na bango kubwa, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," na pembeni mchoro wa mguu uliofungwa plasta, kwa faida ya wasiojua kusoma.

Ofisa aliyeipokea barua alisoma sentensi mbili, akasimama wima. Ukurasa wa pili, uliozungumzia umeme, aliupeleka Wizara ya Umeme kama taratibu zinavyotaka. Wizara ya Umeme ilikuwa imevunjwa mwaka mmoja kabla, baada ya Baba Mlezi kutangaza kwamba umeme umeshafika kila mahali na kazi yake imekwisha. Basi lori likaenda Chungumoto. Likarudi na watu arobaini na saba wasiosikia, na wa mwisho kupakiwa alikuwa mwalimu mkuu.

Miezi minane Fundi Machano alikwenda kila Jumatatu kwenye dirisha la magereza akiwa na kifurushi cha mkate na sabuni. Kila Jumatatu aliambiwa kesi haijasikilizwa.

"Itasikilizwa lini, bwana?"

"Mzee, na wewe! Husikii? Haijasikilizwa."

Alikuwa akirudi nyumbani kwa miguu. Hakulia njiani, lakini alipofika karakanani alikuwa akiwasha redio kwa sauti kubwa, na majirani walijifanya hawajui kwa nini.

*

Mwaka huo Baba Mlezi alisikiliza hotuba yake mwenyewe, nyumbani kwake, kwa utulivu, na haikumvutia.

Hili lilikuwa jambo zito. Hotuba haikuweza kuwa na kasoro, na masikio ya Baba Mlezi hayakuweza kuwa na kasoro, kwa hiyo kilichobaki katikati yao ni kigeuzi. Kesho yake ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kulinganisha Vigeuzi, wajumbe kumi na wanane: majenerali wawili, daktari wa meno, mwakilishi wa kwaya, mwakilishi wa wasioimba, na wengine ambao sababu ya kuteuliwa kwao ilikuwa siri ya dola. Katibu alikuwa Bwana Shomari Fumu, mtumishi hodari aliyekuwa akiandika muhtasari wa kila kikao siku moja kabla, ili kikao kisije kikapotea njia.

Vigeuzi vya kulinganishwa vilikuwa vitatu. Cha kwanza kilikuwa kile cha siku zote, kidogo kama kipande cha sabuni. Cha pili kilitoka ng'ambo, chuma kitupu, na kiliwekwa ili watu wasiseme hakikuwepo. Cha tatu kiliitwa Sauti ya Dhahabu. Kilikaa ndani ya kasha la mninga lililochongwa maua, na kilikuwa kizito kiasi kwamba wahudumu wawili walikibeba kwa mbeleko. Kilitengenezwa na mpwa wa Baba Mlezi, kijana mbunifu, na kwa uzalendo wake alikuwa ameshatengeneza vya kila nyumba nchini, vikajaa maghala manne, vikingoja Kamati iamue kwa uhuru.

Kitabu cha kitaalamu kilisema ulinganisho wa sauti ufanywe kwa upofu, msikilizaji asijue kinacholia ni kipi. Kamati ilijadili neno hilo siku mbili. Ikaagiza atafutwe kipofu mwenye daraja la utumishi linalofaa, asipatikane. Ndipo Bwana Fumu akakumbuka kwamba mtaa wa Mabati Mapya kuna fundi mwenye masikio, na kwamba kitambaa cha kumfunga macho ofisini kipo.

Barua ya wito ilipomfikia, Fundi Machano aliisoma mara tatu. Kisha akanyoa ndevu. Akawaza hivi: kama Kamati hii ina mamlaka ya kueleza kwa nini watu hawasikii, basi huenda ndilo dirisha pekee lililobaki ambalo hajaligonga.

*

Ulinganisho ulifanyika katika Ukumbi wa Usikivu. Fundi Machano alikalishwa mbele, akafungwa kitambaa. Wajumbe walikaa nyuma yake macho wazi, wakiwa na orodha ya vigeuzi kwa mpangilio, kwa sababu, kama alivyoeleza Waziri, si vyema viongozi wakafanya kazi gizani.

"Tuanze," alisema Waziri Tegemeo. "Wajumbe, maoni."

"Cha kwanza kina baridi," alisema mwakilishi wa kwaya. "Mimi imeniingia mpaka magotini."

"Kikavu," alisema jenerali wa kwanza. "Besi haina nyama. Hiki cha tatu ndicho chenye besi. Besi imenona, unaweza kuichovya mkate."

"Cha tatu kinapumua," alisema daktari wa meno. "Nimesikia upana. Nimesikia Baba Mlezi amesimama hapa, na meza yake ipo pale, na bendera inapepea kule."

"Bendera ya rangi gani?" aliuliza jenerali wa pili.

"Zote."

Makofi yakapigwa. Yalipotulia, fundi wa mitambo aliinua mkono kwa woga, akaomba radhi, akasema alikuwa bado anaunga nyaya, hakuna kigeuzi kilichowashwa. Waziri akamshukuru kwa taarifa hiyo na akaagiza sasa viwashwe, kwa ajili ya mtaalamu.

Ikapigwa hotuba moja mara tatu. Fundi Machano alifumba macho ndani ya kitambaa, ingawa hapakuwa na haja. Alisikia sauti ya Baba Mlezi ikisema, "Ndugu wananchi, mwaka huu tume..." Hapo ikakwama. Na nyuma yake, chini kabisa, mbali na kipaza sauti, akasikia mtu mwingine akinong'ona, "Fanikiwa, Mzee. Fanikiwa." Kisha Baba Mlezi akaendelea kwa kishindo, "...tumefanikiwa!"

Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu vilevile, kishindo kwa kishindo, mnong'ono kwa mnong'ono. Alitafuta hata kitetemo kimoja cha kutofautisha, kama mtu anayepekua mchele aone jiwe. Hapakuwa na jiwe. Akavua kitambaa.

"Waheshimiwa," alisema, "vyote vitatu ni sawasawa. Na vyote ni vizuri, tena vizuri sana. Havifichi kitu. Hata yule bwana anayemnong'oneza Baba Mlezi anasikika vilevile kwenye vyote."

Mwakilishi wa wasioimba akaanza kukohoa, akashindwa kuacha, akatolewa nje.

"Nimwandike mtaalamu ana mafua?" aliuliza Bwana Fumu.

"Mwandike ana mafua makali," alisema Waziri. "Na chai iletwe."

*

Waziri alimkaribisha Fundi Machano katika chumba cha pembeni, penye makochi na sahani ya sambusa. Alikuwa mtu mkunjufu. Wanasiasa waliohama vyama vingi huwa hivyo, wameshasalimiana na kila mtu.

"Fundi," alisema, "nasikia una mtoto."

"Ninaye, Mheshimiwa. Yuko kwenu."

"Yuko kwetu, yuko salama. Kula sambusa."

"Mheshimiwa, yule mtoto hakukataa kitu. Aliandika kwamba sauti haifiki. Chungumoto hakuna umeme. Kama Kamati ingeandika hilo tu, mstari mmoja..."

"Lo! Fundi wangu." Waziri aliangalia mlango. "Umeme hauwezi kuwa haupo. Baba Mlezi alishautangaza. Nikiandika haupo, nani atakuwa amekosea?"

Fundi Machano aliitazama sahani ya sambusa.

"Lakini mimi nawe ni watu wazima," aliendelea Waziri, "na kisanduku hakina chama. Kile kidogo, cha sabuni, tunaweza kukilaumu, hakina mjomba. Wewe unasema cha tatu ni bora, umesikia tofauti. Mimi nasema watu wa Chungumoto si wabaya, walipewa kigeuzi kibovu. Wanatoka. Mwanao anarudi shuleni kwake. Kila mtu amekula."

"Mheshimiwa, mimi sikusikia tofauti."

"Ndiyo, masikio unayo, nani anabisha? Ila sikio halipiti kichwa, Fundi. Hata liwe kubwa vipi."

Fundi Machano aliangalia mikono yake, yenye makovu ya risasi ya kulehemu. Aliwaza juu ya wateja wote aliowarudisha nyumbani na redio zilizokufa, na ukweli mkononi. Aliwaza mkate unaopita kwenye dirisha la magereza, na kwamba hajui kama unafika. Akaona haya, akaona hasira, kisha akaona vyote viwili havifungui mlango wa jela. Akasema, "Leteni karatasi."

Karatasi ilikuwepo. Bwana Fumu alikuwa ameiandika juzi. Ilisema: "Mimi, Machano Vuai, mtaalamu, nimesikia tofauti. Tofauti ni kubwa na dhahiri, na mtu yeyote mwenye masikio mazima ataisikia."

"Hii sentensi ya mwisho ni ya nini?" aliuliza Fundi.

"Ya kupendezesha tu," alisema Bwana Fumu. "Taarifa isiyo na sentensi ya mwisho inakuwa kama shati lisilo na ukosi."

Akatia sahihi. Kisha akala sambusa moja, kwa sababu aliona aibu kukataa.

*

Serikali ile ilikuwa na sifa moja ambayo adui zake hawakuitambua: ilisoma taarifa za kamati zake mpaka neno la mwisho, ilimradi la mwisho liwe zuri. Mchana mmoja, baina ya chakula na usingizi, Bunge lilipitisha Sheria ya Tofauti. Ilikuwa sheria ya huruma. Kila aliyeshikwa kwa kosa la kutosikia angesikilizishwa kigeuzi cha zamani, kisha Sauti ya Dhahabu. Akisikia tofauti, itajulikana kwamba moyo wake ni mwema na alidhulumiwa na kisanduku, ataachiwa. Asiposikia, basi hana tena kisingizio: kigeuzi ni kizuri, mtaalamu ameapa, kilichobaki ni yeye mwenyewe na ukaidi wake. Miaka kumi na miwili.

Fundi Machano alifurahi. Alikwenda dirishani Jumatatu ile akiomba binti yake apelekewe maneno mawili tu, "Nasikia tofauti."

"Haiwezekani," alisema askari. "Wafungwa wa kutosikia hawaruhusiwi kuambiwa kitu."

Kesi zikaanza kusikilizwa katika Mahakama ya Masikio, chini ya Hakimu Tunu Makame. Watu wa Chungumoto walikuwa wamekaa ndani miezi tisa, na jela ni shule. Arobaini na sita walisikia tofauti. Baadhi walisikia kabla mitambo haijawashwa. Mzee mmoja muuza nyama alianza kuisikia tangu ndani ya lori, akawa anashangilia njia nzima, ikabidi atulizwe. Wa arobaini na saba alikuwa Mwantumu.

Aliingia akiwa amekonda, kitambaa cha kichwani kimefungwa vizuri, akitembea kama anaingia darasani. Fundi Machano alikuwa amekaa kiti cha mtaalamu wa taifa, chenye mito. Macho yao yalikutana. Akataka kumwashiria kitu, lakini hakujua ishara ya uongo ikoje, hakuwahi kumfundisha.

Kikapigwa cha kwanza. Mwantumu akafumba macho. Baba yake alipomwona amefumba macho, alijua atasema kweli. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe yule mtoto, alimwombea awe mwongo. Aliomba kwa dhati, midomo ikimcheza. Kikapigwa cha pili. Mwantumu akafumbua.

"Hakuna tofauti," alisema.

"Mwalimu," alisema Hakimu kwa upole, maana ilikuwa karibu na chakula cha mchana, "sikiliza tena."

Akasikilizishwa tena. "Mheshimiwa Hakimu, nimesikiliza vizuri. Visanduku ni viwili, sauti ni moja. Na huko kwetu tatizo halikuwa kisanduku. Umeme ndio haupo."

Mahakama ikavuma. Hakimu Makame akagonga meza, akafungua taarifa ya Kamati, akasoma kwa sauti, "Mtu yeyote mwenye masikio mazima ataisikia." Akaivua miwani. "Basi moja kati ya mawili. Ama masikio ya mshtakiwa si mazima, ama ni mazima na anaifanyia serikali ukaidi mbele yangu. Daktari wa mahakama yuko semina. Ila naona mtaalamu wa taifa yupo. Fundi, unamjua mshtakiwa?"

Fundi Machano akasimama. Akisema taarifa ni ya uongo, watu arobaini na sita watarudishwa ndani, na yeye atakuwa wa arobaini na nane. Akisema masikio ya binti yake ni mazima, ni miaka kumi na miwili. Aliyajua masikio yale. Aliyafundisha mwenyewe, na nchi nzima hapakuwa na mengine mazima zaidi yake.

"Namjua, Mheshimiwa Hakimu," alisema. "Ni mwanangu. Ni kiziwi."

"Kiziwi? Mbona amekuwa akitujibu?"

"Anasoma midomo. Tangu mdogo. Karakanani kwangu kulikuwa na kelele, akazoea kutazama midomo yangu."

Mwantumu alimgeukia. "Baba, unasema nini?"

Hakimu Makame akaweka kalamu chini. "Mahakama imejionea yenyewe," alisema. "Baba mzazi yuko hatua tatu kutoka kwake, anazungumza kwa sauti, naye anauliza anasema nini. Sihitaji daktari."

"Baba! Mimi kiziwi? Mimi?"

"Maskini," alisema mtu mmoja nyuma. "Hata jina la ugonjwa wake halijui."

*

Hukumu ilikuwa ya huruma. Mwalimu Mwantumu Machano aliachiwa huru siku hiyohiyo, akapewa kadi ya uziwi yenye picha. Kwa kuwa kiziwi hawezi kusikia maswali ya wanafunzi, aliondolewa ualimu. Na kwa kuwa serikali si mjinga, likawekwa sharti kwamba akionekana akigeuka anapoitwa, au akijibu asipokuwa anatazama midomo, itathibitika kwamba mahakama ilidanganywa, na hapo yeye atapata miaka yake kumi na miwili, na aliyemwapia vilevile.

Akarudi Mabati Mapya, kwenye nyumba ya baba yake. Kila asubuhi mjumbe wa mtaa, mama mmoja mwenye bidii, alikuja kutekeleza wajibu wake: alinyata nyuma ya Mwantumu na kugonga sufuria kwa mwiko. Mwantumu hakustuka. Siku za mwanzo kope zilimcheza kidogo, kisha nazo zikatulia. Mjumbe alikuwa akiandika daftarini, "Bado," anakunywa chai, anaondoka.

Sauti ya Dhahabu zikagawiwa kila nyumba. Hazikupita wiki mbili watu wakaanza kumletea Fundi Machano zilizokufa. Alifungua ya kwanza. Ndani ya kasha la mninga, chini ya maua ya kuchonga, alikuta kigeuzi kilekile cha zamani, kidogo kama kipande cha sabuni, kimegongomewa misumari miwili, na pembeni yake jiwe la kokoto la kuongeza uzito. Alifungua ya pili, akakuta jiwe kubwa kidogo. Alitaka kucheka, na alitaka kumwonyesha mtu. Mtu wa kumwonyesha alikuwa mmoja tu.

Binti yake alikuwa amekaa kizingitini, amempa mgongo, anachambua mchele kwenye ungo.

"Mwantumu," alimwita.

Hakugeuka. Fundi akachungulia barabarani. Mjumbe alikuwa ameshapita, majirani walikuwa wameenda sokoni, hapakuwa na mtu hata mmoja.

"Mwantu," alimwita kwa jina la utotoni, taratibu. "Hakuna mtu, mama. Tuko sisi tu. Njoo uone walichokifanya."

Vidole vyake viliendelea kwenye ungo. Fundi Machano alisogea karibu, akasimama, akasikiliza. Alisikiliza pumzi zake, alisikiliza punje za mchele, alisikiliza hata kitambaa kikisuguana na shingo. Hakujua kama anaogopa sheria au anamkataa yeye. Machozi yakamtoka, na kwa kuwa alikuwa nyuma yake, hayakuonekana.

Mwishowe alichukua karatasi ya risiti, akaandika kwa penseli ya kazi, kwa herufi kubwa: "Nilisema vile ili uwe huru." Akamzunguka, akamwekea juu ya mchele.

Mwantumu aliisoma. Akafuta mikono kwenye kanga, akatoa mfukoni kalamu nyekundu ya kusahihishia, akapiga mstari chini ya neno moja tu, la mwisho, na pembeni akaweka alama ya kosa. Akamrudishia karatasi yake kwa mikono miwili, kama anavyorudishiwa mwanafunzi, kisha akauvuta ungo, akaendelea kuchambua.